Usianze na Skrubu: Kutafuta Tatizo la Kabureta kwenye Vespa Iliyoongezwa Nguvu

Vespa ya PX ikishavishwa silinda ya cc 177 na eksozi mpya, kila kitakachokwenda kombo baada ya hapo husingiziwa kabureta. Inakata moto ikipata joto? Kabureta. Inapiga resi yenyewe ukiachia mafuta? Kabureta. Haimalizi gia ya nne? Bisibisi linatolewa, skrubu ya nyuma inazungushwa nusu, inarudishwa robo, na jioni hakuna anayekumbuka ilikuwa wapi asubuhi. Fundi wa kweli wa Vespa utamjua kwa jambo moja: hagusi skrubu mpaka akuulize tatizo linatokea mkono wa mafuta ukiwa umefunguka kiasi gani.

Ninaowaandikia hapa ni wenye PX za 125 na 150, ukoo uliotoka Pontedera, Italia, kuanzia mwaka 1977, ambao Unguja umejaa tele kutoka Darajani hadi mashamba. Kabureta yake ya asili ni Dell'Orto SI 20/20. Wengine hupachika 24/24 ya PX 200. Wenye LML za Kihindi wataona mengi yanawahusu, ila zipo LML zinazovuta hewa kupitia vibati vinavyofunguka na kufunga, na hizo zina mambo yake.

Kwanza tuelewane ni nini kimebadilika. Silinda ya kiwandani ya PX 150 ina kipenyo cha mm 57.8; ya 177 ina mm 63. Pistoni inapanda na kushuka umbali uleule wa mm 57, lakini kila safari inavuta karibu moja ya tano zaidi ya hewa. Eksozi ya michezo inaongeza juu ya hapo. Jeti, yaani kile kipande cha kabureta chenye tundu linalopima petroli, iliyokuwa ikitosha sasa inapitisha petroli pungufu, na mchanganyiko wa hewa na petroli unakuwa mwepesi. Kwenye injini ya mipigo miwili hilo ni balaa maradufu, kwa sababu petroli ndiyo inayobeba oili. PX isiyo na pampu ya oili hunywa petroli yenye oili asilimia 2, yaani mililita 20 kwa kila lita. Petroli ikipungua, oili imepungua na joto limepanda kwa pamoja. Ubaya wake ni kwamba injini yenye mchanganyiko mwepesi haionyeshi kuumwa. Huwa nyepesi, kali, inaitika vizuri, mpaka pistoni inanata kwenye silinda na gurudumu la nyuma linajifunga ukiwa kilomita 80 kwa saa. Mchanganyiko mzito utakuchafulia plagi na kukumalizia petroli, lakini hautakuangusha. Kwa hiyo kila jaribio lianzie upande wa mzito, kisha ushuke.

Na tafadhali, wale wanaomwaga oili mara mbili "kuilinda silinda mpya": oili ikizidi ndani ya lita ileile, petroli imepungua. Oili nzuri ya mipigo miwili kwa asilimia 2 inatosha.

Petroli inafika?

Vespa haina pampu ya petroli. Mafuta yanashuka yenyewe kutoka tangini, kwa hiyo kizuizi kidogo tu kinatosha kuiua kwa njaa injini iliyoongezwa nguvu, hata kama ile ya zamani ilikuwa haioni tofauti. Dalili yake ni ya pekee: skuta inakwenda vizuri mafuta yakiwa yamefunguliwa yote kwa sekunde 20 au 30, kisha inalegea, inakohoa, inazima. Ukisimama kidogo inawaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Kinachotokea ni kwamba kikombe cha kabureta kinamalizika haraka kuliko kinavyojazwa. Ukibadilisha jeti hapo unajichosha bure. Jeti kubwa itakimaliza kikombe mapema zaidi.

Chomoa mpira wa mafuta upande wa kabureta, uelekeze kwenye chupa tupu ya soda ya mililita 350, fungua koki, hesabu dakika moja. Chupa iwe imejaa au inakaribia kujaa. Ikifika nusu na mtiririko unadhoofika, fungua kifuniko cha tangi. Kama mtiririko unarudi, au umesikia hewa ikiingia kwa mluzi, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba. Kama haurudi, tatizo ni koki yenyewe, wavu wake ndani ya tangi, au mpira. Mpira wa PX ukiwa mrefu kupita kiasi hujikunja chini ya tangi, unapanda kabla ya kushuka, na hewa inanasa pale kwenye kilima. Ukate uteremke moja kwa moja. Na kile kichujio cha plastiki cha duka la pikipiki ambacho kila mtu anapenda kukipachika katikati ya mpira, mimi nakitoa. Kabureta ina wavu wake mdogo chini ya kikofia pale petroli inapoingilia. Ukifungua boliti moja unaukuta, na mara nyingi unaukuta na kutu ya tangi iliyojaa kama unga.

Kinyume cha njaa ni mafuriko. Kabureta ya SI imekaa juu kabisa ya nyumba ya krenki, kwa hiyo sindano ya boya isiyoziba vizuri huachia petroli ikashuka taratibu ndani ya injini usiku kucha. Asubuhi kiki ni ngumu, moshi umetanda, plagi imelowa. Ondoa vifuniko, itazame ncha ya sindano: ikiwa na mduara ulioingia ndani kama kovu, badilisha. Kufunga koki kila unapoegesha hakugharimu kitu, na ajabu ni wangapi hawafanyi hivyo.

Hewa ya wizi

Hapa ndipo kabureta nyingi zinapobebeshwa kosa la mwenzake. Injini hii inabana mchanganyiko ndani ya nyumba ya krenki kabla ya kuupandisha kwenye silinda. Tundu lolote linaloingiza hewa isiyopita kwenye kabureta linafanya mchanganyiko kuwa mwepesi, na hakuna jeti itakayoliziba.

Sikiliza. Pandisha resi ukiwa umesimama, achia mafuta ghafla. Injini nzima hushuka mara moja hadi kwenye sailensi yake, yaani mwendo wa chini wa kusimama. Ikibaki juu ikielea, ikishuka kwa kusitasita, au ikitulia asubuhi na kupandisha yenyewe baada ya safari ya Bububu, tafuta hewa kwanza.

Sehemu za kuvujisha ni nne. Ya kwanza ni kitako cha kabureta. Boliti zake mbili ndefu hukazwa na watu wenye hasira, na mwili wa kabureta ni aloi laini ya zinki. Ukikazwa mno hupinda katikati, hewa inapenya pembeni na slaidi, ile inayofunguliwa na mkono wa mafuta, inaanza kukwama. Weka kitako juu ya kioo cha dirisha: kikiyumba, kimepinda. Msasa laini wa 400 uliolazwa juu ya kioo hichohicho, ukikisugua kwa mduara bila kukandamiza, utakinyoosha kama hakijaharibika sana. Weka gasketi mpya, na kama PX yako ina pampu ya oili hakikisha gasketi ina tundu la kupitisha oili mahali pake. Gasketi za PX zenye pampu na zisizo na pampu hazifanani, na tundu likizibwa injini inakwenda bila oili hata tone.

Ya pili ni chini ya silinda, pale fundi alipoweka 177. Gasketi iliyofungwa juu ya mabaki ya gasketi ya zamani haizibi. Ya tatu ni sili ya krenki upande wa magneto. Ya nne ni sili ya upande wa klachi, na hii ina tabia yake: badala ya hewa hunyonya oili ya gia. Dalili zake ni moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikishapata joto, plagi yenye mafuta ya kunata, na oili ya gia inayopungua bila kuvuja chini. PX huchukua mililita 250 za oili ya gia. Imwage kwenye chombo chenye vipimo, na ukipata 150 umeshajua zilizobaki zimechomwa wapi.

Kupima hewa, mafundi wengi hupuliza dawa ya kusafishia kabureta kuzunguka kitako na chini ya silinda injini ikiwa inawaka. Mlio ukibadilika, hapo ndipo. Inafanya kazi, lakini dawa hiyo inashika moto na eksozi iko karibu, kwa hiyo nyunyiza kidogo kidogo, nje, na mchanga uwe jirani. Njia bora ni kuziba tundu la eksozi na la kabureta kwa vipande vya mpira wa tairi la ndani, kupandisha shinikizo hadi 0.4 ya baa kwa pampu yenye geji, na kupaka maji ya sabuni. Mapovu hayabahatishi.

Injini ikishikwa na hewa nyingi mno yaweza kupandisha resi na kukataa kuzima hata ukigeuza ufunguo. Usibaki ukiitazama. Vuta choki yote. Petroli ya ghafla huizamisha. Au tia gia ya nne, shika breki, achia klachi.

Umeme nitaupitia haraka. Waya za stata za PX za zamani hukauka ngozi na kupasuka nyuma ya magneto, na injini inaanza kukosa pigo kwenye resi za juu kwa namna inayofanana kabisa na jeti mbaya. Zikunje kwa kidole: ngozi ikivunjika kama ganda la yai, badilisha stata kabla ya kununua jeti. Plagi ya kawaida ni NGK B7HS. Kwa 177 wengi huweka B8HS, ambayo ni ya baridi zaidi. Urefu wa uzi wa plagi ufuate kichwa ulichonacho, maana vichwa vya vifaa vya michezo havifanani vyote. Kuwasha kwa cheche kupimwe kwa taa, na kwa PX 150 kipimo cha kiwandani ni digrii 18 kabla pistoni haijafika juu. Kwa silinda ya 177 usizidishe hapo. Cheche inayowahi mno hupasha joto pistoni, na plagi inaonekana nyeupe kana kwamba petroli haitoshi.

Utepe kwenye mkono wa mafuta

Ukishahakikisha petroli inafika, hewa haiingii kwa mlango wa nyuma na cheche ni nzima, sasa kabureta ina kesi ya kujibu. Chukua utepe wa karatasi wa mafundi rangi, uzungushe kwenye mkono wa mafuta, na mwingine kwenye nyumba ya swichi isiyozunguka. Funga mafuta, piga mstari unaovuka tepe zote mbili. Fungua yote, piga mwingine. Gawanya katikati, kisha gawanya tena. Sasa una robo, nusu, robo tatu. Panda skuta, na kila inapofanya jeuri, chungulia mstari uko wapi. Kasi na gia si muhimu kama mstari huo.

Kabureta ya SI haina sindano ndefu ya slaidi kama za pikipiki nyingi. Ukiacha choki, ina njia mbili tu za petroli, na kila moja ina eneo lake. Kuanzia kufungwa hadi karibu robo, mwenye amri ni jeti ndogo ya sailensi akisaidiwa na skrubu ya nyuma. Kutoka hapo hadi mwisho, amri ni ya mnara wa vipande vitatu: juu kipande cha hewa, katikati bomba lenye vitundu, chini jeti kuu. PX 150 ilitoka kiwandani na mnara ulioandikwa 160, BE3, 100.

Namba hizo ni vipenyo kwa sehemu za mia za milimita. Jeti 100 ina tundu la mm 1.00, jeti 106 ina mm 1.06. Yaonekana si kitu, lakini petroli hupita kwenye eneo la tundu, na eneo limeongezeka kwa asilimia 12. Kwa hiyo anayeruka kutoka 100 hadi 115 kwa silinda ya 177 na kabureta ya 20/20 kwa sababu "jirani yangu anatumia" amepita mbali. Kwa 20/20 anza na 108 au 110. Wengi huishia kati ya 102 na 106. Kwa 24/24 anza karibu 122, na mara nyingi utatulia kati ya 116 na 120. Eksozi ndiyo inayoamua zaidi ndani ya nafasi hizo, kwa hiyo namba ya mwenzako ni ya eksozi ya mwenzako.

Jeti ndogo ina namba mbili, kwa mfano 48/160. Ya kwanza ni petroli, ya pili hewa. Gawanya ya pili kwa ya kwanza: 160 kwa 48 ni 3.3. Jibu likiwa dogo, mchanganyiko ni mzito zaidi. Ndiyo maana 45/140, ambayo kwa macho inaonekana ndogo, ni nzito kuliko 48/160, kwani jibu lake ni 3.1. Na 55/160 ya PX 200 inatoa 2.9. Ukijua hesabu hii hutababaishwa dukani.

Ubora wa SI ni kwamba huna haja ya kuishusha kabureta kubadilisha jeti. Toa kifuniko cha ubavu wa kulia, kifuniko cha kisanduku, chujio la hewa, na utaona vichwa viwili vyenye mfereji wa bisibisi: mnara na jeti ndogo. Kabla hujavigusa, chomeka kitambaa safi kwenye koo la kabureta. Skrubu ikidondokea humo inaingia moja kwa moja kwenye krenki, na kazi ya dakika tano inakuwa ya siku mbili. Fungua mnara, uvute wima. Vipande vimeshikana kwa kubanwa tu. Vitenganishe kwa koleo ukiwa umevikunjia kitambaa. Ukitoka bila jeti kuu chini yake, jeti imebaki shimoni, na usifunge mpaka uipate.

Ukisoma dalili, zisome kwa mstari wa utepe. Karibu na kufungwa, kama injini inasita kidogo kila unapoanza kufungua, kana kwamba imemeza kitu, jeti ndogo ni nyepesi. Kama inanguruma na kuruka pigo ukitembea taratibu kilomita 30 au 40 kwa saa mtaani, ni nzito. Katikati nashauri usiguse bomba la BE3 hata kidogo mpaka umemaliza mengine yote. Mafuta yakiwa wazi yote, mchanganyiko mzito hutoa mlio wa kuruka pigo, unaofanana na pikipiki ya mipigo minne, na skuta haipandi zaidi hata ukisubiri. Mwepesi huwa na mlio mkavu, mkali, nguvu inafifia baada ya mwendo mrefu, na kichwa kinanuka joto.

Usipokuwa na hakika ni upi, tumia choki. Shikilia mafuta pale tatizo lilipo, kisha vuta choki nusu. Ikiwa nafuu, ulikuwa mwepesi. Ikizidi kukohoa, ulikuwa mzito. Jaribio hili halina gharama, na mafuta yakiwa wazi ni salama kwa sababu linaongeza petroli. Lile la wazee la kufunga koki ukiwa mwendo kasi na kusikiliza kama injini inachangamka kabla ya kuzima, siliungi mkono kwa silinda mpya.

Kupata jeti kuu

Anza na jeti kuu, sio sailensi, ingawa mkono utataka kuanza na sailensi kwa sababu ndiyo inayosikika ukiwa umesimama. Weka jeti kubwa ya kuanzia na plagi mpya. Tafuta barabara iliyonyooka, asubuhi mapema, pasipo shule wala soko. Usichague kipande cha msitu wa Jozani. Kuna matuta, na kima punju wanavuka. Vaa kofia. Vidole viwili vikae juu ya klachi muda wote, maana injini ikianza kunata una nusu sekunde ya kuikata.

Gia ya nne, mafuta wazi yote, kilomita moja hivi. Kisha kwa mkupuo mmoja bana klachi, zima kwa ufunguo, achia mafuta, jiachie uteleze hadi usimame. Ukirudi taratibu na injini ikiwaka, plagi itakusomea sailensi badala ya jeti kuu. Toa plagi. Petroli ya siku hizi haipaki rangi kama ya zamani, kwa hiyo usitazame ncha. Chungulia ndani, kwenye mduara wa chini wa kauri pale unapokutana na chuma. Uwe na pete ya rangi ya biskuti. Kukiwa na masizi meusi yaliyolowa, shuka namba mbili. Kukiwa kweupe kama chaki, au ukaona vijichembe vinavyong'aa kwenye kauri, usiendeshe tena. Vijichembe hivyo ni aluminiamu ya pistoni. Panda namba nne na ukague silinda.

Shuka hivyohivyo mpaka mlio wa kuruka pigo uishe na skuta ifike mwendo wake wa juu. Hapo rudi namba moja au mbili juu. Utapoteza kilomita mbili kwa saa ambazo hakuna atakayezijua.

Sasa sailensi. Injini iwe ya moto. Skrubu ya nyuma ya SI hufikiwa kupitia tundu lenye kizibo cha mpira. Ukiifungua, mchanganyiko unakuwa mzito. Ifunge taratibu hadi igote bila kukaza, kisha ifungue mizunguko miwili. Skrubu ya juu, inayotokeza kwenye chujio, ni ya mwendo wa sailensi tu. Zungusha ya nyuma robo robo hadi resi ziwe za juu kabisa, kisha fungua robo moja zaidi, halafu shusha mwendo kwa ile ya juu. Ukijikuta umepita mizunguko mitatu na bado inataka, jeti ndogo ni nyepesi. Ukijikuta chini ya mmoja, ni nzito. Skrubu ni ya kusawazisha kilichobaki baada ya jeti sahihi.

Badilisha kitu kimoja kila mara, na uandike kwa kalamu ndani ya kifuniko cha ubavu: tarehe, namba, mlio, rangi. Kichwa cha mtu hakihifadhi namba tatu za jeti, hasa akiwa ameshachoka na mikono inanuka petroli.

Usafi, joto na mwinuko

Jeti ndogo ya 48 ina tundu la nusu milimita pungufu, na chembe moja ya kutu inaiziba. Isafishe kwa dawa na upepo wa kompresa. Ukikosa, uzi mwembamba wa mshipi wa kuvulia unafaa. Waya wa shaba na sindano ya kushonea hapana: vinakwaruza tundu, na jeti iliyoandikwa 48 inakuwa 51 bila kukuambia. Pwani kuna pia ule unga mweupe unaoota ndani ya kikombe cha kabureta iliyokaa bila kutumika. Ni zinki ikiliwa na maji yaliyojificha kwenye petroli. Ukiukuta, safisha vijia vyote, si jeti peke yake.

Majedwali ya jeti yanayotoka Ulaya yameandikwa kwa hewa yao. Hewa ya nyuzi 30 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 10 kwa takriban asilimia 7, kwa hiyo namba zao hapa pwani huelekea kuwa nzito kidogo, na hilo ni upande salama wa kuanzia. Hatari iko kwenye kinyume chake. Nairobi iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni pungufu kwa karibu moja ya sita kuliko ya Mombasa. Skuta iliyopangwa vizuri Mombasa itapanda Nairobi ikikohoa kwa uzito, itakera lakini itafika. Iliyopangwa Nairobi au Arusha ikishushwa pwani bila kuguswa huwa nyepesi, na ndiyo inayonata. Ukinunua Vespa iliyoongezwa nguvu kutoka bara, jeti kuu iongezwe kabla ya kuipandisha mwendo hata mara moja.

Jeti za bei ya chini zina tatizo lao: namba iliyopigwa juu si lazima iwe tundu lililotobolewa. Zielekeze mbili kwenye jua, ya 104 na ya 106, uzilinganishe. Nimeona ya 106 ikiwa ndogo kuliko mwenzake. Nunua kutoka mtengenezaji mmoja na ubaki naye, ili hata kama vipimo vyake si kamili, hatua kutoka jeti moja hadi nyingine ziaminike.

Mwisho kuna kabureta isiyopangika. Toa chujio, shika slaidi kwa kidole ukiwa umeifungua nusu, uitikise. Mchezo kidogo ni kawaida. Ikigonga huku na huku na ukaona mfereji uliochimbika kwenye kuta zake, hewa itapita pembeni hata ukiwa umefunga, na sailensi haitatulia kwa jeti yoyote iliyopo dukani. Kuibadilisha kabureta hiyo ni nafuu kuliko silinda ya pili ya 177.